Mhusika Asiyeaminika

Dada yangu mpendwa,

Kuna mlio ambao haujanitoka masikioni likizo hii yote: cherehani ya mama ikisimama katikati ya mshono. Hukuishi nayo kwa muda mrefu, kwa hiyo nikukumbushe kwamba mama hasimami katikati ya mshono. Mteja agombe, mvua iingie dirishani, yeye humaliza kwanza, akakata uzi, ndipo akainua kichwa. Nitakueleza kilichomsimamisha, lakini nikujulie hali kwanza. Miguu bado inavimba? Na shemeji, bado anakukataza kuinua hata kikombe? Sisi tu wazima, ila vidole vimechoka kuchomwa na sindano. Ni msimu wa sare za shule, na mashati meupe yamejaa karakana hadi wateja hawana pa kukaa.

Nilikuandikia kwamba nimo kwenye majaribio ya kuingia darasa la juu la fasihi. Mwalimu wetu alitupa riwaya moja nene ya kusoma likizo nzima, na kila mmoja aandike shajara ya usomaji. Alituonya kwamba hataki muhtasari, hadithi yenyewe anaijua. Anataka kujua kitabu kimemfanya nini mtu. Siku ya mwisho ya likizo tungesimama mbele ya walimu kuzitetea shajara zetu, na asiyefika nafasi yake angepewa mwingine. Niliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Unanijua.

Nilianza kwa kujificha stoo, juu ya marobota ya vitambaa, nikijiona msomi. Mama akaniita akasema kama kitabu ni kitamu kiasi cha kunisahaulisha vitufe, basi ni uchoyo kukila peke yangu. Tangu hapo nikawa nasoma kwa sauti, nikishindana na cherehani. Shangazi Vitufe, yule mama anayetoboa matundu na kushona vitufe, alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote. Nikifika kwenye maelezo ya hali ya hewa ananikata: mvua imetosha, mwanangu, tumeshalowa, twende mbele. Fundi wa suti, tunayemwita Bwana Kola, alimchukia mchumba wa mhusika mkuu tangu ukurasa wa kwanza, kwa hoja kwamba mwanamume anayesifia chai iliyopoa ana lake jambo. Waligombana kwa ajili ya watu wasiokuwepo duniani mpaka mteja mmoja akauliza nani amefiwa. Yote hayo niliyaandika kwenye shajara, na nikaona aibu kwamba peke yangu nisingeona hata nusu yake.

Kisha tukafika sura ambayo mama mmoja, baada ya kiwanda kufungwa, anapata kazi mbali na hawezi kwenda na watoto wake wote wawili. Mmoja anamwacha. Nilikuwa nasoma bila kufikiri, na hapo ndipo cherehani iliposimama. Shangazi Vitufe akageuka. Mama akasema uzi umekatika. Niliutazama uzi, dada. Ulikuwa mzima.

Haya ninayoandika sasa unayajua kuliko mimi, ila nataka kuyaona yameandikwa. Baba alipofariki, wewe ulipelekwa kwa mama mdogo, na mimi nikabaki na mama. Ulikuwa na miaka sita, mimi mitano. Hakuna aliyekuambia kwa nini wewe. Ndiyo maana kwenye harusi yako mama mdogo alikaa kiti cha mama mzazi na mama akakaa pamoja na wageni. Na ndiyo maana uliniandikia juzi kwamba mtoto akizaliwa hutamleta huku, mpaka mama akuambie kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini alikutoa wewe. Ujumbe niliufikisha. Alisema amesikia, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Katika shajara niliandika habari ya uzi, na kwamba mama hakusema neno lingine hadi jioni. Sikuandika kwamba ni mama yangu, wala sikukutaja. Mwalimu alipokusanya kazi zetu katikati ya likizo, aliusifu mjadala wa karakana, akasema Shangazi Vitufe anampita mhakiki mwenye kofia ya chuo. Lakini pembeni mwa ukurasa ule alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mhusika huyu haaminiki. Mama halisi angejieleza." Alidhani nimemtunga.

Nilirudi nyumbani nimefura. Njia nzima nilikuwa namjibu mwalimu kichwani, tena kwa ufasaha, kwamba wako akina mama wasiojieleza, na mmoja ndiye aliyemshonea blauzi aliyovaa. Nilipofika mlangoni hasira ikanigeukia. Kumbe na mimi nimeishi naye miaka yote hii nikijiambia kwamba kutokumuuliza ni heshima. Haikuwa heshima. Ni mimi niliyebakizwa, na aliyebakizwa hana haraka ya kujua sababu.

Kwa hiyo nilisubiri Shangazi Vitufe na Bwana Kola waende kula, nikamsomea mama maneno ya mwalimu kama nilivyokuwa nikimsomea riwaya. Alicheka kwanza. Akasema ameshaitwa mengi na wateja, ila kuitwa mtu wa kutungwa, hilo ni jipya. Halafu akaondoa mguu kwenye kanyagio, na mshono ulikuwa haujaisha.

Alisema mwenye karakana ya zamani alimpa chumba cha nyuma kwa sharti la mtoto mmoja. Akatupeleka sote wawili kwa mama mdogo bila kujua atarudi na yupi. Mimi nilishika sketi yake na kupiga yowe lililonipa jina hili la Honi. Wewe ulivua viatu vyako, ukavipanga mlangoni vizuri, vidole vikitazama nje, ukakaa kitini. Mama akasema moyoni, huyu ataweza. Aliniambia, na nayaandika kama alivyoyasema: "Sikumwacha niliyempenda kidogo. Nilimwacha niliyemtegemea. Asiyelia nilidhani haumii." Alilijua kosa lake siku ya harusi yako, alipokuona umekaa vile vile kama siku ile, mikono magotini, huku wenzako wote wanalia kwa furaha. Akaona haya kulisema, maana kukuambia ulitolewa kwa sababu ya utulivu wako ni kama kukulaumu wewe.

Dada, mimi nililia nikabakizwa. Sijui nifanye nini na jambo hilo, na sikuombi uniambie.

Mama alinitaka nikuandikie haya yote, kwa kuwa mkono wake, alisema, umezoea chaki ya kitambaa tu. Nikamjibu kwamba wewe uliomba kinywa, hukuomba karatasi. Akasema sare hazijaisha na wazazi watavunja mlango. Nikasema nitabaki mimi kwenye cherehani. Alipokata tiketi, nafasi ilipatikana kwenye basi la siku ile ile ya kutetea shajara, na jioni ya kesho yake akaniuliza itakuwaje. Nilikuwa nimeshaenda kwa mwalimu asubuhi, nimemweleza kwamba sitafika na kwamba mhusika wake ni mtu kweli. Alichukua kalamu, akaikata ile sentensi yake nyekundu. Nafasi akampa mwenzangu, na alifanya sawa, kanuni ni kanuni.

Msalimie shemeji, mwambie kikombe kimoja si mzigo. Msalimie mama mdogo kwa heshima zote. Bwana Kola na Shangazi Vitufe wanakuombea ujifungue salama, na kila mmoja ameshachagua jina la mtoto, usiyasikilize.

Barua hii sikuitia posta. Mama ndiye aliyekuletea, kwa sababu alisema hawezi kubisha hodi mikono mitupu. Sasa hivi mimi nakunja pindo la shati la mtoto nisiyemjua, na yeye yuko hapo kwako anakungoja umalize kusoma. Atakuwa amevua viatu.

Mdogo wako,
Honi