Kisiwa Kizima Kinamsubiri Majura

Jumanne, kisiwa cha Bumbire. Ziwa limetulia kabisa, ni joto, hakuna upepo. Wenyeji wanasema utulivu wa namna hii si mzuri. Leo nawaamini.

Tangu Majura alipozama Jumamosi, hakuna mtumbwi unaoingia majini isipokuwa ule wa kumtafuta. Ndiyo desturi ya mwalo huu, kambi yetu ya wavuvi: mpaka mwili upatikane, hakuna kuvua, hakuna kusafiri. Sisi vibarua wa kuanika dagaa hatuna cha kuanika. Nimekaa tu, na mgongo unauma kuliko siku za kazi.

Hapa tumechanganyika. Wahaya wenye kisiwa chao, Wajita kama marehemu, Wakerewe, Waha, na sisi Wasukuma tuliotoka mbali. Dagaa wakiwa wengi hakuna anayekumbuka kabila la mtu, tunataniana na kuazimana chumvi. Sasa wanaume wanakaa makundi makundi, kila kundi na lugha yake. Ukipita, wananyamaza.

Wanamsema Mama Zawadi.

Ni Mha kutoka milima ya Kasulu. Alikuja mwezi uliopita, ndiye anayetupikia. Jumamosi jioni aliosha sufuria lenye masizi ziwani. Watu wa ziwa hawafanyi hivyo, wanasema masizi yanaita dhoruba. Yeye angejuaje? Kwao wanaosha kisimani. Usiku ule ule upepo ukapiga, Majura hakurudi.

Leo mchana mdogo wake Majura alimfuata jikoni, wengine nyuma yake.

"We mama, ulidhani ziwa ni karai lako?"

Mama Zawadi hakuacha kusonga ugali. "Injini zenu zinamwaga mafuta kila siku, shemeji. Hayo ziwa linayanywa kama chai?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona amecheka peke yake.

Ule ugali haukuguswa. Hata mimi sikula. Njaa ilikuwepo, niliogopa macho ya watu.

Alasiri nilikwenda kwa Ta Deo, mzee wa Kihaya, mwenyekiti wa mwalo. Nilimwomba mtumbwi mmoja tu, umvushe Mama Zawadi mpaka ng'ambo, apate gari la Muleba mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nikitoa mtumbwi leo, wataniuliza Majura nimemwona wapi."

Akasema ataongea na vijana. Hakusema lini.

Kwa hiyo desturi ya kumheshimu marehemu ndiyo imemfungia mama huyu kisiwani, pamoja na watu wanaomtakia mabaya. Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini hili nimelielewa.

Sasa hivi jua linazama. Nimewaona vijana wakitoa madumu ya petroli kwenye mitumbwi na kuyapanga nyuma ya kibanda chake. Niliwauliza ya nini, na injini hazifanyi kazi. Waliendelea kuyapanga.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kanga.

"Niende wapi, baba? Pande zote ni maji."

Kila saa namwomba Mungu Majura aibuke. Sikuwahi kufikiri nitaombea maiti ionekane ili mtu aliye hai aondoke salama.

Nachukua mkeka wangu, naenda kukaa mlangoni kwake. Nimewaita Wasukuma wenzangu. Mmoja, Masanja, anavaa shati. Wengine wamegeukia ukuta.

Watu wawili wanatosha mlango mmoja?