Breki ya Upande wa Nyika

Jumatano, 16 Juni 1971

Barua kutoka Lushoto. Kamati ya maonyesho ya Saba Saba inaniomba mimi, Fanueli, mkaguzi wa zamani wa mabehewa, niwe mwamuzi wa vibehewa vya mbao. Vipande ndani ya boksi, watoto wa shule wanaunga wenyewe. Kijiji kitakachoshinda kitapewa kazi ya kuvitengeneza kwa shule zote za wilaya.

Nilitaka kukataa, kabichi zinaningoja. Halafu nikaona orodha. Boksi la tatu: maseremala wa kijiji cha ujamaa, kiongozi wao Silvano.

Silvano! Nimejibu papo hapo. Nakuja.

Alhamisi, 17 Juni

Sijasahau hata neno. Mwaka 1962 behewa lilitoroka stesheni, likavunja ghala. Nilieleza: lina breki moja tu ya mkono, upande wa nyika, nami niliifunga. Kuna mtu aliifungua. Silvano, wakati huo stesheni masta wetu, akaapa breki zilikuwa mbili na mimi nilifunga moja. Tena akanicheka mbele ya wachunguzi – reli haina upande wa nyika wala wa milima ya Shambaai, ina kushoto na kulia! Wakacheka wote. Behewa likakatwakatwa, chuma chakavu. Mimi nikafukuzwa kwa uzembe.

Miaka tisa sasa, kijiji chetu kizima cha Gare kinaniita Breki Moja. Hata watoto.

Nimechonga penseli. Ruli nimeifuta vumbi.

Jumamosi, 19 Juni

Leo ndiyo leo. Mwamuzi mwenzangu ni Mwalimu Jenoveva, yeye anaandika alama. Silvano mlangoni, amezeeka, akanipa mkono. Habari za siku nyingi? Nzuri. Nikapita.

Boksi la kwanza, magurudumu kama vitumbua. La pili, paa halikai. La Silvano – niliomba liwe bovu! Nikapima. Inchi kumi kamili. Ekseli sawa. Bafa za kupokea kishindo sawa. Kila kipande kinaingia mahali pake bila kusukumwa. Hasira zikanipanda. Nikakata alama kwa rangi. Nikakata kwa harufu ya gundi. Karatasi ya maelezo nikaitia mfukoni bila kuifungua, sisomi mwandiko wa mwongo.

Bado anafaulu! Ndipo Mwalimu akauliza: picha ya behewa katika kitabu cha shule ina breki pande zote mbili, hili lina upande mmoja tu. Ni kosa?

Kosa kubwa, nikasema. Andika. Nikatia sahihi fomu.

Silvano chali! Nimepanda Gare kwa miguu nikiimba. Dawa ya moto ni moto.

Jumapili, 20 Juni

Kanisani, wakati wa sadaka, naingiza mkono mfukoni – karatasi ya Silvano. Nikaifungua. “Mfano wa behewa namba 318.” Lile lile! “Breki ni moja tu. Iwekwe upande wa nyika.” Mwandiko wake. Sahihi yake.

Nikasimama katikati ya wimbo. Mke wangu Raheli akanivuta koti: Baba Klara, kaa, watu wanakutazama. Wanitazame! Karatasi hii nimeitamani miaka tisa.

Halafu nikakumbuka ya kwangu. Nilitia sahihi nini jana? “Kosa: breki zinapaswa kuwa mbili.”

Mungu wangu. Nimeutia sahihi uongo wake kwa mkono wangu.

Jumatatu, 21 Juni

Lushoto, benchi la nje ya ofisi ya Katibu wa kamati. Naandika huku nangoja. Nilikuja mapema nichukue fomu yangu – imeshasomwa. Silvano amekata rufaa. Yupo hapa hapa, ncha ya pili ya benchi.

Amesema bila kunitazama: nilipojua mwamuzi ni wewe, niliandika ile karatasi kwa makusudi. Nilidhani utasoma. Nikamuuliza, na ndani utasemaje? Akajibu, nitasema utakavyosema wewe.

Mshenzi! Nikisema breki ni moja, jina langu linasafishwa, na kazi ya shule anapata yeye, na Lushoto nzima inajua nilimwonea. Nikisema mbili, anaanguka. Nami naanguka naye, mara ya pili.

Tarishi, kijana wa Gare, ametoa kichwa mlangoni. “Mzee Breki Moja yupo? Anaitwa ndani, aje kuthibitisha fomu yake.”

Silvano hakucheka. Nimeitika: ndiye mimi, Breki Moja.