Kaka Anaamini Ni Chaja Orijino

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako ingawa hata sijui naomba msaada wa nini hasa, kwa sababu mimi ni fundi wa kompyuta na kinachoninyima raha ni chaja, na mwenzangu wa kazini aliposikia nataka kuandika gazetini kuhusu chaja alicheka mpaka akaweka bisibisi chini, lakini nakuomba unisome mpaka mwisho.

Ninaishi na kaka yangu. Ndiye aliyenilea na kunisomesha ufundi kwa kazi yake ya uashi, na miaka mitatu iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, ghorofa ya pili, akaumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake haitembei wala haihisi kitu, hata ukiifinya. Mwaka wa kwanza alikuwa anatazama ukuta tu. Halafu mhandisi mmoja aliyewahi kufanya naye kazi akamletea laptop nzito, zile za watu wa michoro, akamfundisha kuchora ramani za nyumba, na mshauri, mtu aliyekuwa hataki hata kunyolewa ndevu akaanza kuniamsha asubuhi nimpangie mito akae vizuri afanye kazi.

Sasa chaja yake ikafa. Ilikuwa ya wati mia na themanini, nzito kama tofali, na kila duka nililopita hawana. Nikamletea ndogo ya wati sitini na tano kutoka kazini, inaingia tundu lilelile. Kompyuta ikawaka, lakini hizi mashine zina akili zao: ndani ya chaja orijino kuna kichipu kidogo kinachoiambia kompyuta mimi ni nani na nina nguvu kiasi gani, na kompyuta isipokisikia inajipunguzia kasi yenyewe, isije ikala kuliko inavyolishwa. Kaka akichora mstari anasubiri. Akitaka kuizungusha nyumba aione kwa nyuma, picha inaganda. Mhandisi akaanza kuwapa wengine kazi, kwa upole tu, anamwambia, "Pumzika kidogo, fundi."

Siku moja nimerudi nikamkuta amekunja mikono mbele ya skrini. Akaniambia, "Mdogo wangu, mwili kunikatalia nimeshazoea. Sasa hata mashine?"

Kesho yake nikaipasua ile chaja kubwa iliyokufa, nikatoa kichipu chake, nikakilehemu ndani ya chaja nyingine ndogo ya wati hizohizo sitini na tano, yaani ni kama kumpa mtoto kitambulisho cha baba yake, na kompyuta ikaamini imepewa chaja kubwa, ikaachia nguvu zote, nyumba zikawa zinazunguka kama pia. Kaka akauliza mbona ndogo, nikamwambia za siku hizi ndivyo zilivyo, ni orijino. Nilisema hilo neno moja tu nikidhani nitamweleza baadaye, na yeye palepale akampigia mhandisi simu nikiwa nasikia, akasema, "Huyu mdogo wangu akikwambia kitu ni orijino, ni orijino." Sasa hiyo baadaye ingeanzia wapi?

Kazi zikarudi. Lakini chaja ikaanza kupata joto, mwanzoni kidogo, halafu ikawa ukiishika huhesabu mpaka tano, halafu upande mmoja wa boksi ukabadilika rangi ukawa wa kahawia, na chumba kikawa na harufu kama kandambili iliyosahauliwa karibu na jiko. Mara mbili imejizima, ikapoa, ikawaka tena. Nikaiwekea sahani ya udongo chini, nikamwambia kaka chaja zenye nguvu ndivyo zinavyokuwa. Kazini nikamuuliza mwenzangu, tunamwita Profesa, akasema, "Miezi miwili haijaungua, ije iungue leo? Acha woga." Na mimi huyohuyo wiki iliyopita nimemwambia mteja kwamba chaja ya namna hiyo haifai hata kuwekwa ndani ya nyumba.

Kisha Jumanne nimerudi kazini nikaikuta chaja ndani ya blanketi, imelala juu ya miguu ya kaka. Nikamuuliza imefikaje huko. Akasema, "Si unaniambiaga miguu yangu ya baridi? Nikaona bora ipate joto." Nilipofunua nikakuta lengelenge kwenye muundi, kubwa kama kizibo cha chupa, na yeye hana habari. Nikalisafisha, nikafunga kitambaa. Unajua aliniuliza nini? "Sijakuharibia chaja yako?"

Mshauri, na asubuhi yake nikaichomeka tena chaja ileile nikaenda kazini, na hapo ndipo sijielewi. Nikimwambia ukweli, kaka atajua nimemdanganya kwa kitu alichonisifia mbele za watu. Nikisema imeharibika, atadhani yeye ndiye aliyeiharibu. Nikirudisha ile nyingine kazi zitakwisha, na ile sura ya kutazama ukuta siitaki tena. Nikiiacha naogopa. Nimeidanganya mashine au nimemdanganya yeye, maana mimi naona kama ni kitu kimoja, na nifanye nini?

Ni mimi,
Fundi Niliyechanganyikiwa

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu fundi,

Barua yako niliianza na kikombe mkononi. Nilipofika kwenye lengelenge nilikiweka chini, nikatafuta namba uliyoandika nyuma ya bahasha, nikakupigia, kwa sababu gazeti letu hutoka mara moja kwa wiki na moto hausubiri toleo. Wasomaji hawakuwepo, kwa hiyo niwaeleze tulivyozungumza.

Nilikuuliza, "Chaja iko wapi saa hii?"

"Kwa kaka."

"Na wewe?"

"Kazini."

"Nyumbani yuko na nani?"

Ukasema kwa sauti ambayo niliisikia kwa taabu, "Mlango nimeufunga kwa nje. Mama jirani ana ufunguo, huja mchana."

Nikakwambia, "Kata simu hii. Mpigie kaka yako aichomoe sasa hivi. Sababu utampa jioni." Namshukuru Mungu ulitii.

Sasa tusemezane. Umenijazia kurasa tatu kwamba umechanganyikiwa, lakini kwa mteja wako hukuchanganyikiwa hata chembe. Yule mtu baki ulimwambia ukweli wote akaenda nao nyumbani. Wa tumbo moja nawe ukamwekea sahani. Profesa usimtaje hapa kabisa. Ulimuuliza kwa kuwa ulijua atakachojibu.

Mimi si fundi, kwa hiyo nilimfuata mtu wa umeme anayeangalia mtambo wetu wa kuchapa. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Alisema chaja ikiombwa karibu mara tatu ya uwezo wake hailalamiki kwa mdomo, inalalamika kwa joto, na kule kujizima mara mbili ilikuwa inaomba radhi. Mara ya tatu huenda isijizime.

Sikulaumu kwa kutaka nyumba za kaka yako zizunguke. Ningekuwa na kaka kama huyo na mikono kama yako, labda ningefanya hivyohivyo siku ya kwanza. Siku ya pili ndiyo ninayokulaumu, na ile asubuhi baada ya lengelenge ndiyo zaidi. Wewe una miguu ya kukimbia. Na uliuliza kama umeidanganya mashine au yeye, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja, mwanangu. Mashine haikukulea wala haikukusifia kwa mhandisi.

Ijumaa ulinipigia mwenyewe. Ulikuwa umemweleza, na hakukugombeza. Aliuliza wati ngapi kwa ngapi, ukamtajia. Akasema, "Yaani umeniwekea ghorofa tatu juu ya msingi wa banda." Mkamaliza kula, ukaondoa vyombo. Ndipo akasema, "Ungeniuliza. Ningekubali au ningekataa, lakini anayelala nayo ni mimi." Unasema hujui kama amekusamehe. Mimi pia sijui, na hilo huliulizi gazetini, unaliuliza pale kitandani kwake, na usiliulize leo.

Simu kwa mhandisi alipiga yeye, si wewe, na hilo limenifurahisha. Akamwambia tatizo lilikuwa chaja tangu mwanzo. Mhandisi akasema, "Mimi nilidhani ni wewe uliyechoka." Miezi yote ile! Wewe unaona aibu kusema mashine imelegea, mhandisi anaona huruma kumpa mgonjwa kazi, na wote mnamzunguka mtu mwenye akili timamu kana kwamba naye aliangukia kichwa. Sasa wamepatana: michoro ya kawaida ataifanya nyumbani kwa ile chaja ya kwanza ya wati sitini na tano, polepole, na zile picha nzito zitamaliziwa ofisini kwa mhandisi mpaka chaja ya kweli ipatikane. Kazi zitapungua. Kaka yako amesema anaweza kuishi na kazi chache, na kauli yake ichukueni hivyohivyo msiipambe.

Yaliyobaki ni yako. Ile chaja ikate waya usiitie kwenye droo, maana nawajua mafundi, droo zenu hazitupi kitu. Usimtengenezee mteja yeyote kitu kama hicho hata akilia. Mlango usiufunge tena kwa nje. Mtafutieni komeo la ndani lenye kamba anayoweza kuivuta akiwa kitandani, na simu iwe kiganjani. Chochote chenye joto kisikaribie miguu yake, na kila jioni mwombe ruhusa uitazame, kwani yenyewe haitasema.

Na lile lengelenge ulilolifunga kwa kitambaa, siku zinakwenda. Mtu asiyehisi maumivu kidonda chake huoza bila kelele. Nilikwambia kwenye simu usingoje gazeti, na kama bado, kesho asubuhi chukua ruhusa kazini, mpeleke kliniki, umwambie muuguzi kilichomchoma ni nini na nani alikitengeneza. Sema ukiwa karibu yake, asikie unavyosema. Akitaka kuongezea neno, mwache aongeze.