Kiunganishi Nilichokutumia

4 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia, au bado kinakunyima usingizi? Sisi wazima. Shemeji yako anauliza kama unakula.

Ile ndege niliyoiunda imeanza kunisumbua. Taa ya chaji imewaka tena angani. Alternata, ile inayochaji betri, haizunguki inavyopaswa. Nashuku kile kiunganishi chenye mpira ndani, kinachoishika alternata kwenye gia ya injini, ulichonitumia zawadi. Lakini wewe ndiye uliyefundisha injini chuoni miaka thelathini; mimi mchomeleaji tu. Nitazame wapi?

Mdogo wako


13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua ni kile kile. Kiunganishi hakina neno, kiache. Badilisha betri, kagua nyaya.

Kaka yako


1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Muuguzi wako ameniandikia kwamba umekonda. Pole sana.

Betri mpya, nyaya mpya, na taa imewaka vilevile. Mwalimu mzima, umenihangaisha bure! Natania. Injini yenyewe inanguruma vizuri, haihitaji alternata ili izunguke. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 21 mimi na shemeji yako tunakuja kukuona kwa ndege. Nitapita juu ya hospitali mara mbili, kaa dirishani.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, wewe na mkeo. Muuguzi anakuja huko likizo. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi. Yako nimekaa nayo wiki mbili chini ya mto.

Msiruke.

Kile kiunganishi nilikitoa kwenye injini kuukuu ya kufundishia. Kabla ya kukutumia, nilikibana kwenye jiriwa nikakizungusha kwa spana ya kupimia nguvu. Kilicho kizima hugoma. Kile kiliteleza kama mkono wenye sabuni. Mpira ulikuwa umekufa. Nikakifuta, nikakifunga kwa karatasi mpya, nikaandika "Hongera".

Nilitaka taa iwake mbele ya wageni wanaokuja kuitazama ndege yako, upate aibu kidogo, basi. Lakini mpira uliokufa humeguka. Vipande huingia kwenye oili, vikaziba njia yake, na injini ikakauka angani. Hilo nimelifundisha mwenyewe, kila mwaka, ubaoni. Ulipouliza nililijua, nikakuandikia habari za betri.

Nimechora ndege tangu ujana. Michoro imejaa kabati zima, na sijawahi kutengeneza hata bawa moja. Wewe uliyeacha shule ukachukua mabomba na turubai ukaunda yako, ikapaa siku ya kwanza. Mama, siku zake za mwisho, akisikia mngurumo wowote aliuliza, "Si ya mdogo wako hiyo?" Mimi nipo mbele yake, nimemshikia kikombe.

Nakuambia ukweli wote: hata niliposoma kwamba mtapita juu ya dirisha langu, uchungu ulitangulia. Hofu ilikuja baadaye, na ilichelewa.

Fungua kichujio cha oili ujionee. Kisha njoo kwa basi, kama bado unataka kuja.

Kaka yako


20 Machi

Kaka,

Shikamoo sina leo.

Nimefungua kichujio. Vipande saba vya mpira, kimoja kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Nimemwonyesha mke wangu; ameketi kwenye sakafu ya banda. Mimi nimetukana hadi jirani akaja kuuliza nani kaumia.

Halafu nimekibana kiunganishi kwenye jiriwa, kama ulivyoandika. Kimeteleza.

Basi linaondoka kesho alfajiri. Kiunganishi nimekitia mfukoni. Nitakiweka kifuani pako, na utanieleza upya kwa mdomo wako, kuanzia ile karatasi mpya. Kama nitakuamkia au la, nitajua hapo.

Usithubutu kufa kabla sijafika.

Mdogo wako