Farasi Wote Wana Majina

Mwalimu,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini mdomo umezoea tangu nilipokuwa mwanafunzi wako kule Tanga. Leo naitoa kwa shingo upande. Nakuandikia kwa sababu kuna neno nililisema siku ya msiba wako, na sasa nataka kulirudisha.

Kabla hujaswaliwa, pale kwenye kituo cha Kiislamu huku Vaughan, ughaibuni, bwana mmoja alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba yeyote mwenye haki yake kwa marehemu amsamehe kwa ajili ya Mungu. Watu waliitikia kwa sauti ya chini, kama ilivyo desturi. Mimi niliitikia kutoka upande wa wanawake, kwa sauti iliyowafanya wanigeukie. Nimemsamehe, nilisema, huku nalia. Nilidhani sina hata cha kusamehe. Ulikuwa umenikaripia mara nyingi kuhusu uendeshaji wangu wa gari, basi, na hilo nilishalizoea.

Miezi miwili baadaye Shirin, binti yako, akanipigia simu. "Auntie, kile kijitabu cha Daddy kimefika kutoka Scotland. It's so beautiful, njoo uone." Nilijiuliza kijitabu gani, kwa sababu kitabu chetu kilikuwa kabatini kwangu Crescent Town, kaunta buku nne zenye mwandiko wako na wangu, na kilikuwa bado hakijaisha. Nilimaliza zamu ya asubuhi, nikawasha gari, nikaja kwenu.

Kilikuwa kizuri kweli, nisiseme uongo. Juu kina picha ya farasi mkubwa wa mizigo, manyoya ya shingo yamesukwa kwa utepe. Kimeandikwa kwa Kiingereza: historia ya mbio za farasi za mji ule mdogo, tangu zilipoanza mpaka zilipokufa. Chini ya picha kuna jina lako. Nililitafuta la pili nikidhani labda limeandikwa kwa herufi ndogo, nikakigeuza na nyuma pia. Shirin alikuwa jikoni anachemsha chai, na nilishukuru kwamba hakuniona usoni.

Acha nikukumbushe tulivyoanza, maana inaonekana ulisahau.

Mwaka 2004 tulikutana kwenye duka la vyakula, unachagua bamia moja moja kama unachagua lulu. Ulinitambua kabla sijakutambua. Ulisema, "Wewe si yule aliyekuwa anakaa dirishani, anauliza maswali mpaka kengele inalia?" Nikakueleza kwamba sasa naendesha basi la shule, asubuhi na mchana, na katikati, kuanzia saa tatu hadi saa nane, sina kazi. Ukasema wewe una kazi ila huna gari. Ulihitaji kupelekwa maktaba, penye zile mashine za kusomea filamu za magazeti ya zamani. Kwa hiyo ndiyo, nilianza kama dereva. Sikatai.

Njiani ulinisimulia. Ulipokuwa kijana ulikwenda Scotland kusomea ualimu, ukapanga chumba kwa mama mmoja mjane. Dirisha lako lilitazama kiwanja kando ya mto. Mbio zilikuwa zimekufa zamani kabla hujafika, lakini mwenye nyumba wako alizizungumzia kama mtu anavyomzungumzia ndugu yake aliyezama. Mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, wabeba mizigo wa mji huo waliwafungua farasi wao kutoka kwenye mikokoteni, wakawaosha, wakawasuka, wakashindana nao. Wale hawakuwa farasi wa mabwana wakubwa. Juzi tu walikuwa wakivuta makaa na magunia ya unga, na kesho yake wangerudi kuyavuta. Zawadi ilikuwa tandiko jipya, na liliwekwa kwenye dirisha la ukumbi wa mji kwa wiki nzima ili watu wapite walitamani. Hadithi hiyo ulihama nayo ukarudi nayo Tanga, kisha ukaja nayo huku.

Wiki ya tatu ulitoka maktaba ukanikuta nimejikunyata kwenye gari, ukasema baridi itaniua, niingie nikusomee, kwa kuwa macho yako yalikuwa yanakataa. Mwaka uliofuata nilikuwa naandika. Tulikubaliana tuandike kwa Kiswahili kwanza. Maneno yako nayakumbuka: "Wao wameandika habari zetu kwa lugha yao miaka yote. Na sisi tuandike zao kwa yetu, tuone kama watapenda." Tulicheka mpaka mkutubi akaja kututazama.

Na kuhusu majina, unakumbuka? Kila gazeti lilitaja farasi. Alishinda Bonny, wa bwana fulani. Wa pili Prince, wa bwana fulani. Mpandaji hatajwi. Mwaka baada ya mwaka unasoma kwamba farasi alikimbia na bwana wake akapewa tandiko, kana kwamba mgongoni mwa farasi kulikuwa na hewa. Ulikasirika. Uligonga fimbo sakafuni ukasema, "Jina la farasi lipo, la mtu halipo. Hii ni historia gani?" Ndipo kitabu chetu kikageuka kuwa cha kuwatafuta wapandaji. Tuliandika barua kwa maktaba ya mji ule, wakatutumia nakala, tukasoma orodha za makaburi, tukasoma kesi za walevi waliopigana siku ya mbio.

Wa kwanza nilimpata mimi. Gazeti lilisema mpandaji wa Jess alianguka akavunjika mguu, basi, likaendelea na habari za hali ya hewa. Nikakwambia, Mwalimu, mtu wa kazi za mikono akivunjika mguu hawezi kukaa nyumbani akatabasamu. Lazima atakwenda kuomba msaada mahali. Huku Crescent Town hilo hata mtoto analijua. Tukaagiza daftari la parokia la wasiojiweza, mwezi uleule, na huyo hapo: Andrew Pringle, mguu wa kulia, mke na watoto. Ulisimama. Tulipofika kwenye maegesho ulinishika mkono kwa mikono yako yote miwili, ukasema, "Leo umekuwa mwanahistoria." Niliendesha basi mchana ule nikiwa nimevimba kichwa, watoto nyuma wanapiga kelele na mimi sisikii.

Halafu sura ya sita. Wewe ulishikilia kwamba reli ndiyo iliyoua mbio. Mimi nikasema hapana, reli ilizidhoofisha tu. Nilisoma gazeti hadi nikakuta ile wiki jeshi lilipokuja mjini mwanzoni mwa vita kuu vya kwanza, likawapanga farasi sokoni, likachukua wazima likawaachia wenye mikokoteni wazee na vilema. Kiangazi kilichofuata waliandika kwamba mbio zimesogezwa hadi mwaka ujao. Ukaja mwaka ujao wakaandika hivyohivyo, kisha wakaacha kuandika. Sura ile niliiandika peke yangu, majira yote ya baridi. Ulibadilisha koma mbili tu.

Imo kwenye kijitabu chako, Mwalimu. Imo yote, imetafsiriwa vizuri, na mahali nilipoandika "tuligundua" wewe umeandika "niligundua". Nilisoma nimesimama, koti sijalivua.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nikafika ukurasa wa mwisho, wa shukrani. Unamshukuru yule mjane Mungu amrehemu, unawashukuru wakutubi wa pande zote mbili za bahari, unamshukuru Shirin. Kisha: namshukuru pia dereva wangu mvumilivu.

Dereva wangu mvumilivu. Kwenye kitabu ambamo farasi wote wana majina, na Andrew Pringle amepata jina lake na mguu wake.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha mwanangu Juma. Unamjua, Kiswahili anakielewa chote ila ulimi wake umegoma. Akasoma, akainua mabega: "But Mom, you did drive him." Nilitaka kumfokea nikashindwa, kwa sababu ni kweli. Ungesema jambo la uongo ningekuwa na pa kukushikia. Ulichagua kipande kidogo cha ukweli ukakiacha kisimame badala ya kingine chote.

Tumefundishwa tumtafutie ndugu udhuru sabini. Nilianza. Udhuru wa kwanza, ulikuwa mgonjwa, hukuona walichokichapa. Lakini Shirin alinipa boksi la karatasi zako, na ndani yake zimo zile za masahihisho walizokutumia kabla ya kuchapa. Ukurasa wa shukrani umepita na kalamu yako nyekundu. Umesahihisha jina la mkutubi, umeongeza herufi moja. Mstari unaofuata ni wangu, na hukuugusa. Udhuru wa pili, labda wao ndio waliokata jina langu. Lakini mswada uliouandika kwa mkono umo boksini humohumo, na maneno ni yaleyale. Udhuru wa tatu ni kwamba kwao labda huandika hivyo. Hapo nikachoka, na zimebaki sitini na saba.

Kuna siku tulikuwa kwenye foleni ya magari karibu na barabara ya Steeles, ukanisimulia habari za dereva wa baba yako kule Tanga. Aliwapeleka shule nyinyi wote, akamzika babu yako, akazeeka nanyi. Ukataka kuniambia jina lake kamili, ukakumbuka moja tu. La pili hukulipata. Tulipofika kwenu, uliposhuka ulisema, "Ni aibu." Niliona jinsi ilivyokuuma. Kwa hiyo usiniambie hukujua. Nyani haoni kundule, wanasema, na unisamehe kwa kulitaja neno hilo mbele yako. Lakini wewe ulikwisha kuliona, ukalifunika.

Au uliogopa? Nimeliwaza hilo. Mhindi wa Tanga anayeandika historia ya Waskoti tayari ni kioja kwao. Labda uliona ukiongeza na Mdigo anayeendesha basi la shule watakitupa kando. Kama ndivyo, ungeniambia. Ningekasirika wiki mbili, kisha ningekuletea kashata, zile ulizokuwa ukizila kwenye gari ili Shirin asikuone. Badala yake kila Jumanne na Alhamisi ulikaa pembeni yangu, ukanisomea dua kabla sijawasha gari, ukaniuliza sura ya saba imefika wapi, na kumbe nakala ya Kiingereza ilikuwa imeshapelekwa Scotland.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba nakukumbuka. Kiti cha abiria bado kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu yako; Juma akikisogeza namwambia akirudishe, kisha najikasirikia. Saa tatu ikifika mikono yangu inataka kushika njia ya kwenu. Mashine moja ya maktaba imeharibika, wamebakiza mbili, na yule mkutubi aliyekuwa akitutazama aliniuliza, "Where's your professor?" Nilimwambia amefariki. Alinipa pole, na nikaipokea kama mfiwa.

Sasa Shirin anataka kaunta buku. Watu wa mji ule wameomba kila kitu chako wakiweke kwenye makumbusho yao madogo. Yeye hana kosa. Kwake mimi ni Auntie aliyekuwa akimleta Daddy nyumbani salama. Nimempiga chenga miezi mitatu. Wiki moja niliamua kukitoa kitabu chetu kwa jina langu tu, na mwishoni niandike: namshukuru abiria wangu mvumilivu. Nililicheka hilo peke yangu nikisubiri taa ziwe kijani. Halafu niliandika ukurasa huo kweli, nikausoma, na nikaona kwamba nitakuwa nimejifunza kwako somo baya kuliko yote.

Nimeamua hivi. Shirin atapata nakala za kaunta buku zote nne, kila ukurasa, ili awapelekee. Mbio ni zao, na hawajanikosea. Asili zinabaki kwangu. Sura mbili zilizobaki nitaziandika mwenyewe, kati ya zamu na zamu, na kitabu kitatoka kwa Kiswahili kama tulivyokubaliana. Juu yake litatangulia jina lako, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kumuulizia mtu jina. Langu litafuata, kwa herufi za ukubwa uleule.

Na lile neno la msibani nalichukua, Mwalimu. Sikuapizi, na kila nikikumbuka nakuombea, kwa sababu hayo ni baina yako na Mungu. Lakini haki yangu bado iko kwako. Siku kitabu kitakapotoka nitakuja makaburini, hata kama theluji imefika magotini. Nitakusomea majina yote tuliyoyapata, na mawili ya juu. Kisha nitalisema tena, polepole, bila machozi, nikijua ninachokusamehe. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Mpaka hapo lala salama, lakini usinihesabu miongoni mwa waliokwisha kukusamehe.

Mwanahamisi Rajabu Kombo,
mwandishi wa sura ya sita