Aproni Imetuvuka

Borgo Salese,
8 Septemba 1997

Mpendwa binamu Duilio,

Kwa heshima na taadhima, mimi Ermes, mlinda lango wa timu ya waliooa, naitangazia dunia, kuanzia na nyinyi mlioko Argentina: aproni imetuvuka.

Lakini salamu kwanza. Kifua chako kimetulia? Huku tu wazima, isipokuwa Padre Livio, aliyeanguka na baiskeli siku tisa kabla ya sikukuu ya San Rocco. Mguu ungali kwenye plasta, ulimi haukuumia.

Mechi ya sikukuu unaikumbuka: makapera dhidi ya waliooa, na wanaoshindwa huvaa aproni wakawasongea washindi polenta mbele ya mama wakwe. Miaka kumi na mmoja mfululizo nimesonga mimi. Sababu ni kapera mmoja tu, ndugu yetu Ottavio, tangu alipostaafu na kurudi nyumbani.

Wewe uliondoka akiwa bado anacheza kwa viatu vya kuazima. Alicheza kwa kulipwa miaka kumi na minane, miwili kati ya hiyo daraja la kwanza, na akafunga mabao saba tu. Magazeti yalimwita Karani, kwa kuwa kila mpira uliopita kwake pale kati ulitoka umepangwa. Kukimbia hakupenda. Aliutazama uwanja kabla mpira haujamfikia. Ukifika, kazi imeshakwisha. Wala hakupiga kichwa. "Kichwa ni cha kufikiria," husema.

Basi mwaka huu Nives, yule mjane wa duka la mikate, alimkubali. Majina yao yalipobandikwa mlangoni mwa kanisa kutangaza ndoa, Ottavio akarudisha jezi ya makapera, kama desturi yetu inavyotaka, nasi tukamvika yetu. Nilimbusu kuliko Nives.

Daktari alishamkataza mpira kwa sababu ya goti, kwa hiyo tulijua hatutampata tena: ni mwaka huu au aproni hadi kaburini. Tiziano, nahodha wa makapera, akaanza mapema:

"Babu, tukuletee kiti?"

"Kilete, mwanangu. Utakikalia wewe."

Naye Nives, kutoka pembeni: "Ottavio! Ukivunja hilo goti, kanisani sikubebi!"

Uwanja mzima ulicheka. Mimi pia, mjinga.

Dakika themanini na nane, bila kwa bila. Ottavio alikuwa amesimama katikati kama anasubiri basi. Mpira ukamjia, akaugusa mara moja tu, kwa ubavu wa nje wa mguu wa kushoto, bila hata kuinua macho. Ukapita juu ya mabeki wanne, ukamkuta Gino mchinja nyama tumboni, ukaingia wavuni. Gino anaapa alikusudia.

Binamu, nililia golini. Jioni Tiziano alisonga polenta kwa aproni ya maua, mama yake akimfokea, "Mabonge hayo, mwanangu, mabonge!" Nilikula sahani tatu. Ya tatu ilikuwa ya ushindi tu.

Msalimie Elda na mapacha. Shangazi Rina anakuombea, na San Rocco akulinde na kifua hicho.

Ni mimi nikupendaye, nisiye na aproni,
Ermes

Nimesahau jambo, nawe usimwambie mtu: kwa ajili ya mguu wa Padre, harusi ya Ottavio, iliyokuwa ifungwe kabla ya mechi, iliahirishwa. Ni Jumamosi ijayo.