Mashine Mbili Zilizokataa Kusalimiana

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa mzima, wewe na shemeji na wanangu wote, na kwamba mgongo wako sasa unakuachia ulale. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakusalimu sana, na amenituma nimuulize shemeji kama bado anajisifu kwa karata au ameshapata wa kumnyamazisha. Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima, lakini hilo nitalifikia.

Najua umeshangaa. Umepeleka mkono ndani ya bahasha ukitarajia karatasi laini ya kusomewa, na vidole vyako vimekuta nukta za kusoma kwa kupapasa. Ndiyo, ni mimi. Sijatumia kibao wala kalamu ya kutobolea. Unakumbuka ulivyojaribu kunifundisha tukiwa wadogo, nikaandika jina langu kinyumenyume, ukacheka mpaka mama akaja kuuliza kulikoni. Barua hii nimeipiga kwenye kompyuta kama ninavyopiga barua nyingine, na mashine ndiyo iliyoigeuza kuwa nukta. Ngoja nikueleze tulivyofika hapo, maana mashine hiyo nusura ituue kwa presha.

Kazi yangu unaijua, kupiga chapa vitabu vya wasioona. Kitabu cha hesabu cha darasa la mtihani nimekipiga mwaka mzima na zaidi, sura baada ya sura, na michoro yake yote ya pembetatu na duara, kwenye ile kompyuta yetu kongwe yenye kioo cha kijani. Nilipokaribia kumaliza, mashine yetu ya kutoboa nukta ikafa, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Tukakaa na kitabu kizima ndani ya kompyuta bila njia ya kukitoa. Kule shuleni watoto walikuwa na nakala moja tu ya zamani, imepita mikononi mwa wengi mpaka nukta zimesagika. Mwalimu wao alituambia kuna kurasa ambazo mtoto anapapasa kama anapapasa ukuta.

Basi mkuu wetu wa karakana, mama ambaye akishika jambo haliachii, akaandika maombi huku na huku mpaka tukapata kompyuta mpya na mashine mpya ya kutoboa. Siku mashine hizo zilipotolewa kwenye maboksi tulishangilia kama waliopata mtoto. Furaha haikufika jioni. Mashine mpya ya kutoboa inasikilizana na kompyuta mpya peke yake. Ile kongwe haitaki hata kuisikia. Na diski za kongwe ni pana, laini, ukizishika vibaya zinapinda; za mpya ni ndogo, ngumu, zinaingia mfuko wa shati. Hakuna tundu la kuingiza diski ya moja kwa mwenzake. Mkuu akaniangalia, nami nikaangalia sakafu, kwa sababu nilijua anachofikiria, kwamba nianze kupiga kitabu upya. Shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, na mwaka huo ndio wa mtihani.

Aliyetuokoa na hilo, au tuseme aliyetutia katika jingine, ni fundi wetu. Sisi tunamwita Bwana Subiri, kwa kuwa hata ukimsalimia anajibu kwanza "subiri" ndipo aitikie. Alisema kuna programu ya kuhamisha mafaili. Unaiweka kwenye kompyuta zote mbili, unaziunganisha kwa waya, unaiambia moja itume na nyingine ipokee. Kwa maneno yake ilikuwa kazi ya kunywa chai.

Tulikunywa chai nyingi sana, dada. Siku ya kwanza nikaiambia kongwe itume, nikaiambia mpya ipokee, nikakaa. Mpya ikaandika kwenye kioo kwamba inasubiri. Tukamwambia fundi amepata ndugu. Ikasubiri asubuhi yote. Baadaye akafungua plagi za ule waya, akachungulia, akajigonga paji la uso. Alitueleza kwamba kila mashine ina uzi wa kusemea na uzi wa kusikilizia, na waya wetu umeunganisha mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio. Zote zinasema, hakuna inayosikia. Msahihishaji wetu, ambaye haoni kama wewe na tunamwita Kidole, alikuwa amekaa pembeni na chai yake. Akasema hizo siyo kompyuta tena, hiyo ni ndoa.

Fundi akakata nyuzi, akazipishanisha, akalehemu. Tukajaribu tena. Safari hii mpya ikasikia, lakini ilichosikia ni vituko, herufi zisizo na mbele wala nyuma, alama za mshangao, vijimraba, kama mtu anayeota ndoto mbaya. Hapo nilitaka kulia. Nilidhani kitabu changu kimeharibikia njiani. Bwana Subiri akaniambia nisubiri. Akanionyesha kwamba kongwe imewekwa kusema polepole na mpya imewekwa kusikiliza haraka, hivyo kila neno linaingia limekatika vipande. Akaipunguza mpya mwendo hadi ilingane na mkubwa wake, na hapo ndipo nilipoona, kwenye kioo kipya kisicho na vumbi, maneno niliyoyapiga mimi mwenyewe: Sura ya Kwanza. Nilimshika mkuu mkono bila hata kufikiri ni mkuu.

Mafaili yakahama, moja baada ya jingine, na kila moja mashine ikatangaza kuwa limepokelewa salama. Mkuu akapiga simu shuleni. Akamwambia mwalimu aandae meza, vitabu vinakuja. Sisi tukawasha mashine ya kutoboa. Inapiga kelele kama mvua ya mawe kwenye bati, huwezi kusikia mtu aliye karibu yako, na kwetu ilikuwa ngoma. Tukampa Kidole kurasa asome.

Akasoma kwa muda mrefu. Kisha akaweka mkono juu ya ukurasa na kuuliza kwa upole kama nilikuwa nimechoka siku nilipopiga sura ya pembetatu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Inakatika katikati, mama. Hapa inasema tazama mchoro, halafu hakuna mchoro, hakuna swali, hakuna kitu. Ni karatasi tupu."

Tukaangalia kwenye kioo. Kweli, sura imeisha hapo. Sura ya duara vilevile. Mashine ilikuwa imesema limefika salama, na nusu ya kitabu haikuwepo. Mkuu alikaa kwenye kiti changu. Ameshaahidi.

Tulituma tena, ikakatika palepale. Tukabadilisha waya, ikakatika palepale. Fundi alianza kulaumu waya, kisha umeme, kisha hali ya hewa. Kidole yeye aliomba aletewe kurasa zote, hata zile nzuri, akazipanga magotini na kuanza kupapasa mwisho wa kila sura. Akatuambia kwamba sura zisizo na michoro zimetimia zote, na zenye michoro zimekatika kila moja mahali mchoro unapoanza. Akasema waya mbovu haujui mchoro ni nini.

Bwana Subiri alimtazama, safari hii hakumwambia mtu asubiri. Alikimbilia kitabu cha maelekezo. Ilikuwa hivi, dada, nami nitakueleza kama nilivyoelewa. Ile programu ilikuwa inasoma kila inachobeba, kama tarishi anayefungua barua za watu njiani. Kwenye michoro mna alama fulani ambayo kwenye maandishi ya kawaida maana yake ni kwamba habari imeisha. Tarishi akiikuta anafunga mfuko, anarudi nyumbani, roho yake safi kabisa. Kuna amri ya kumkataza kusoma: beba kama kilivyo, usifungue. Ni lazima uitoe pande zote mbili, ukiitoa upande mmoja ni bure.

Tulifurahi, na furaha hiyo nayo ikapigwa kofi, kwa sababu kesho yake kongwe ilikataa kuwaka. Ilikuwa imeanza kupata joto siku zile zote tulizoichosha. Nilibonyeza, nikabonyeza, kioo cheusi. Sijui kama nimewahi kuomba kwa ajili ya kitu cha chuma, lakini siku hiyo niliomba. Fundi akaifungua, akatoa vumbi la kujaza kofia, akakuta kipande kimoja ndani kimelegea kwenye tundu lake. Akakikandamiza kwa dole gumba. Ikakohoa, ikawaka. Akasema tusiizime tena mpaka tumalize, na mtu aipepee. Basi mkuu wa karakana, dada, huyo ambaye wageni wakija wanasimama, alishika kifuniko cha boksi akaipepea mashine ubavuni kama anampepea bibi harusi, huku mimi nikituma sura moja moja na Kidole akipokea kila ukurasa ukiwa bado na joto la mashine. Kila akimaliza sura anasema "imetimia", nasi tunaitikia. Aliposema imetimia ya mwisho, mkuu alitupa kifuniko akacheza. Anacheza vibaya sana. Nimefurahi kulijua hilo.

Vitabu tulivipeleka wenyewe shuleni. Kila mtoto aliwekewa chake mezani. Kulikuwa na binti mmoja mrefu, ameketi mbele. Alipapasa jalada, akapapasa pembeni kumtafuta wa kusoma naye, akakuta jirani yake ana cha kwake. Akamuuliza mwalimu, "Hiki nisome na nani?" Mwalimu akamjibu kwamba asome na nafsi yake. Msichana akakivuta kifuani, akainama, na darasa zima likawa kimya ila vile vidole vinavyokwaruza karatasi. Unaijua sauti hiyo kuliko mimi. Mimi ndiyo kwanza nilielewa ni sauti ya nini.

Nilirudi na swali la yule binti kichwani. Tangu uolewe, mimi na wewe hatujawahi kuandikiana tukiwa wawili. Nikikuandikia, shemeji anakusomea, Mungu ambariki, na najua anaongeza chumvi. Asipokuwepo anasoma mtoto, au jirani. Ndiyo maana barua zangu zote zinafanana na hotuba. Kuna mambo nimekuwa nikiyaandika kwa juu juu, nikiamini utayasikia chini yake. Mwaka ule nilipokuandikia kwamba nilikuwa na homa, haikuwa homa. Nilikuwa nimepoteza mimba. Na ile homa ya baadaye, ilikuwa ya pili. Sikuweza kumpa shemeji maneno hayo ayatamke mbele ya watoto.

Kwa hiyo nilimwomba mkuu ruhusa ya kutumia mashine kwa barua moja. Wenzangu walitoka kwenda kula. Kidole alibaki, akasikia mashine inatoboa, akatia mikono mfukoni na kusema yeye hasomi barua za watu. Sasa soma polepole.

Nina mimba, dada. Nayo imevuka pale zile mbili zilipoishia, imevuka vizuri. Mtoto anacheza. Daktari ameniambia nisiwe na hofu, na mkunga, ambaye si mtu wa maneno matamu, amesema huyu ameng'ang'ania. Mume wangu anajua, na amekuwa kero. Nikiinua ndoo anaipokea, nikiinua kijiko anakikodolea macho. Ukiwaacha hao, wewe ndiwe wa kwanza kujua. Mama hajui bado. Nataka umwambie wewe, siku utakayoona inafaa, kwa mdomo wako, umshike mkono kwanza.

Na ninakuomba uje. Mtoto akifika, nataka awe mikononi mwako kabla ya mtu mwingine yeyote, umpapase uso, uniambie amefanana na nani. Nitaamini utakachosema wewe.

Nijibu kwa nukta, usimwambie mtu akuandikie. Kidole ananifundisha kila mchana tukishakula. Anasema nina vidole vya mbao ila nina bidii. Andika kwa nafasi, maneno mafupi. Hata nikichukua wiki kusoma ukurasa mmoja, nitausoma mwenyewe.

Wabusu wanangu, uwaambie mama yao mdogo anawapenda. Shemeji mpe salamu zangu za heshima. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie ni mambo ya kompyuta, marefu mno.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Kitindamimba